Kuta za Namakwekwe

Wambedde anataka jibu kabla ya Jumatatu:
kontena, au mashine pepe kamili?
Seva ni moja. Ilifika Mbale kwa basi la usiku,
imeviringishwa blanketi kama mgonjwa,
kumbukumbu gigabaiti sitini na nne, basi,
na wateja thelathini na wanane wanangoja kupangishwa.

Kupangishwa nakujua.
Chumba changu huku tunakiita muzigo,
na Kiswahili kinanicheka kwa kukielewa upesi.
Mlango wa nne kati ya saba:
bati moja, msingi mmoja, mita ya umeme moja.
Mama Khainza akichomeka pasi
taa yangu inasinzia.
Mwenye nyumba akibadili kufuli la geti
sote saba tunabadili ufunguo, tupende tusipende.

Ndivyo kontena zilivyo, nikamwambia Wambedde.
Kiini kimoja cha Linux chini ya wote;
kila mpangaji anajiona ana kwake,
ana nywila yake, ana mzizi wake,
ila akipiga mguu chini, sakafu ni ya wote.
Ni nyepesi. Inaamka kabla hujamaliza kupiga chafya.
Wote thelathini na wanane wataenea.

"Sasa tatizo nini?"

Tatizo ni Novemba.
Siku ya malipo ya kahawa, foleni ya wakulima
imefika mgomba wa mwisho,
daftari la mizani likaganda
kwenye kilo kumi na saba za Gidudu.
Ushirika haukuwa na kosa.
Jirani yake, redio ya mjini, ilikuwa inarusha mechi,
ikala kumbukumbu yote, ikalamba na sahani.
Mimi ndiye niliyempigia Gidudu kuomba radhi.
Hakunitukana. Aliuliza tu,
"Hiyo kahawa yangu iko wapi sasa hivi?"
Sikuwa na neno la kumpa.

Mashine pepe kamili ni nyumba yenye msingi wake,
kiini chake, kufuli lake, tangi lake la maji.
Lakini kila msingi unakula saruji,
na kwa saruji yetu hii
nyumba ni kumi na mbili, kumi na tatu nikijibana.
Kinyozi anayelipa elfu kumi na tano kwa mwezi,
tena kwa kukumbushwa,
nimpeleke wapi?

Nilichora hadi alfajiri nyuma ya kalenda ya benki.
Ushirika: nyumba. Zahanati: nyumba.
Redio: nyumba, yenye ukuta mnene, ishibe humo humo.
Kinyozi, kwaya, mpiga picha za harusi: kontena,
kila mmoja na kikomo cha sahani yake.
Wambedde akasoma, akakuna kidevu.
"Umefunga ndoa ya mitala ndani ya boksi moja."
Nikasema ndiyo.
Akasaini. Hakufurahi.

Nimerudi saa tano, Wanale haionekani kwa ukungu.
Nimejilaza; ng'ambo ya ukuta
kikohozi cha Mama Khainza, kile kikavu,
mara tatu mfululizo.
Ushirika hautasikia tena jirani akikohoa.
Hilo nimelihakikisha kwa mikono yangu.

Nikagonga ukuta mara mbili.
Kimya kidogo.
Akagonga mara moja: nipo.