Mstari wa Kumi na Saba

Wamenipa kiti katika kamati, mimi Doreen Willetts,
mchonga funguo wa Willenhall, miaka arobaini na moja jiliwani;
kiti chenye magurudumu, na maji ya chupa.
Kijana wa takwimu ametandaza ramani ya kanda.
Sisi tumepakwa rangi ya chungwa.
Chungwa, anasema, maana yake upungufu:
mafundi mia nne wanatakiwa,
wanagenzi sitini na mmoja wameandikishwa,
kumi na tisa wameshaachia njiani.
Natazama chungwa lile lilivyoumeza mtaa niliozaliwa,
na kiwanda cha makufuli ambacho sasa kinauza mazulia.

Kazi yangu ni kujaza mstari wa kumi na saba.
"Ifikapo mwezi wa kumi na nane, mwanagenzi aweze"
kisha kisanduku.
Herufi mia mbili, nafasi nazo zinahesabiwa.

Aweze nini?
Niliandika: aweze kupiga tupa.
Nikafuta. Kupiga tupa hata mlevi hupiga.
Niliandika: aweze kusikia.
Bwana Pargeter, mwenyekiti, akauliza kwa upole
kusikia kunapimwaje.
Nikamweleza: chuma kikichoka hubadili sauti,
mashine ya kukereza ikitaka kuuma
hukohoa kwanza.
Vizuri sana, Doreen, akasema,
lakini mtahini atatia tiki wapi?

Msidhani naililia zamani.
Zamani naijua kwa mgongo wake.
Niliingia kiwandani na miaka kumi na sita,
wakanitupa kwenye kufunga maboksi,
maana msichana na jiliwa, walisema,
havipikiki chungu kimoja.
Na Enoch Foxall, bingwa wa wote,
alipofika kwenye mkato wa mwisho wa ufunguo
aligeuka,
akauziba kwa mabega mapana kama mlango wa ghala,
na kilichofanywa na mikono yake pale
hakukiona mwanawe, sembuse mimi.
Tulimzika Jumanne, yeye na mkato wake.

Mimi niliiba.
Niliiba kwa kioo cha kopo la poda,
nikijifanya natengeneza nywele.
Robo tatu ya niyajuayo
yalipitia kioo kile, kulia kukiwa kushoto.

Kwa hiyo fomu hii siichukii.
Karatasi haina mabega.
Kuvunjika kwa koleo si mwisho wa uhunzi, sawa;
mhunzi akikupa kisogo, je?

Ila nisikilizeni na hili, nikawaambia:
fedha mlizovitoza viwanda kwa ajili ya vijana
zimekwenda kuwasomesha mameneja uongozi,
wanaume wa miaka hamsini, eti wanagenzi!
Na Harnek Bassi mwenye mashine tatu na mgongo mbovu
ameandika barua sita akiomba mtoto mmoja tu wa kumrithi.
Mpakeni naye rangi.
Kijana wa takwimu akakohoa,
akaandika kitu. Sijui alichoandika.

Hapo ndipo nilipoisikia, chini ya sakafu, karakanani,
tupa inayosukumwa kwa hasira,
inarudi ikiburuza meno.
Jaskiran. Wiki ya tatu.
Anauua ukingo, na hajui.

Nikaandika haraka:
aweze kumwonyesha mwingine bila kumpa mgongo.
Herufi arobaini na nne. Zilizobaki
nimewaachia.
Bwana Pargeter akavaa miwani, akafungua mdomo,
nami nilikuwa ngazini.

"Inua unaporudi," nikamwambia Jaskiran. "Ikate ikienda, ipumzike ikija."
Akajaribu. Bado.
Akajaribu tena, bado,
akafuta mkono kwenye suruali, akatoa simu,
akauliza, akitazama chini,
kama naweza kumruhusu arekodi.

Nikasogea upande, taa inifikie.
Nikakunja mikono ya sweta hadi kwenye viwiko.