Siku ya Kutofanya Kitu

Saa kumi na moja alfajiri, Kibirizi,
maji yana rangi ya bati kuukuu.
Naingia hadi kiunoni, navaa miwani,
nayabembeleza magoti kidogo.
Ziwa hili halina sakafu ya kukanyaga ukichoka;
ukishaacha mawe ya ufukweni
chini kunakuwa jambo la kusikia kwa watu.

Mara ya kwanza walinifuata na boti ya injini,
vijana watatu na karabai zao zimezimwa,
wakanishika kwapa. "Dada, nani kakuudhi?"
Nikasema nafanya mazoezi.
Wakatazamana. Mmoja akauliza:
"Ya kufa?"

Siku hizi wananipungia tu.

Kilomita mbili kasoro majini, tisini juu ya baiskeli,
ishirini na moja kwa miguu, bila kulala katikati.
Nimeziandika kwa chaki nyuma ya mlango wa jiko,
na mama, kila akifuta masizi,
anazizungukia zile namba
kama anavyomzungukia kuku anayeatamia.

Baiskeli niliinunua kwa Gwasa pale Mwanga,
fremu nyepesi, breki za kubahatisha.
Jumamosi naipandisha barabara ya Manyovu,
kofia ngumu kichwani, chupa mbili za maji ya chumvi na sukari,
na kwenye kona ya tatu, ninapotafuta gia ambayo haipo,
ananipita Bukuru
kwa miguu, akisukuma Foniksi yake
yenye gunia la chumvi ya Uvinza na madumu matupu ya mawese.
"Habari za safari, dada."
"Nzuri," nasema,
na pumzi haitoshi kumalizia za kwako.

Yeye hayuko mazoezini.
Anakwenda Mahembe kuuza chumvi.

Jioni, nikishakata tiketi ya mwisho stesheni,
nafunga kidirisha, nafunga kamba za viatu,
na hatua zinanitungia zenyewe:

Barabara ya Ujiji,
nakuhesabu kwa nyayo;
kifuani mna maji,
miguuni mna moyo.

Mwezi wa saba kisigino kikagoma.
Kule Maweni tabibu wa viungo, Nyamwiza, binti mpole,
akaibonyeza kano kama anayejaribu parachichi.
"Wiki tatu," akasema. "Hata kuruka dimbwi sitaki."

Mimi ninayewaambia abiria treni imechelewa,
kaeni, itafika,
nikiwashangaa wanavyolizunguka benchi,
nikakizunguka kitanda.
Miguu ukutani. Barafu ya soda kwenye taulo.
Mama akaleta migebuka na ugali wa muhogo,
akapasha mawese, akanikanda mashavu ya miguu
mpaka shuka likawa na rangi ya machweo.
"Unajichosha ili mimi nikupumzishe," akasema.
"Sasa kazi hii analipwa nani?"

Wiki ya pili Bukuru akaja stesheni kupokea mzigo,
akainama kidirishani.
"Mbona sikuoni mlimani?"
Nikamwonyesha kisigino juu ya kiti.
Akakitazama kwa heshima, kama mtu anayesoma barua ya mwenzake.
"Mimi Ijumaa sipandi," akasema.
"Ijumaa nalala mpaka jua linikute.
Kwani ulidhani ule mlima naupanda kwa nguvu?"

Nikarudi nyumbani nikatafuta chaki.

Leo ni Ijumaa.
Kisigino kinawasha kidogo, kama kinachotaka kuulizwa hali.
Kabla ya kuinuka nahesabu mapigo shingoni: hamsini na manne.
Jana yalikuwa sitini na moja.
Milima ya Kongo haijatoka kwenye ukungu,
mama anakohoa na moshi wake,
na injini zinarudi Kibirizi moja moja.
Nasikia moja inapunguza mwendo, karibu kuzima.
Nadhani ni wale vijana.
Nadhani wanaangaza macho juu ya maji,
wananitafuta.