Breka Iliruka Mara Tisa

Gari linalala nje, theluji imelifika viooni.
Mahali pake ndani ya gereji pamesimama sufuria tatu
za chuma cha pua, kila moja ungeweza kumwogeshea mtoto,
zilizotoka kwa mkahawa uliofilisika kule Kakabeka.

Msimu uliopita alipikia gesi, milango imefungwa kwa baridi.
Nilimkuta ameketi sakafuni, kichwa kinamgonga,
ananiuliza leo ni siku gani.
Nikasema: Reijo, mtungi huo utoke au nitoke mimi.
Mtungi ukatoka.

Basi umeme, akasema,
yeye aliyefunga nyaya za kiwanda cha karatasi
miaka thelathini na mmoja bila kupigwa shoti
ila mara moja, na hiyo ilikuwa harusi ya dada yake.
Akachora nyuma ya kalenda ya benki:
volti mia mbili na arobaini, ampea thelathini,
pampu hapa, koili ya shaba pale,
na pembeni, kwa herufi kubwa, UMEME HAUJUI SHEMEJI.

Lakini mikono.
Tangu Oktoba inatetemeka. Daktari ameshaupa jina,
Reijo hajalitamka.
Skrubu ilimponyoka ikaviringika chini ya friza
naye akasimama akiitazama friza
muda mrefu mno kwa ajili ya skrubu.

Nikaichukua bisibisi.
Hakunipa. Hakuninyima pia.

Nikajifunza keekee:
tone la mafuta, polepole, sikiliza,
chuma kikilia umekosea, kikinong'ona endelea.
Nilitoboa tundu la kwanza kwa saa nzima.
Kipande kilichodondoka, duara jembamba la moto,
nimekiweka kwenye kisanduku cha vifungo vya nguo.
Nikajifunza rangi za waya, upi wa moto, upi wa ardhini,
yeye juu ya kigoda, blanketi magotini,
akisema kushoto, kushoto, Aune, kushoto kwako si kwangu.

Jumatatu tukajaza maji, tukawasha.
Tap! Giza.
Jumanne, tap.
Jumatano jirani yetu Delphine alikuja na tochi
kuuliza kama tunahitaji chakula.
Mara ya tisa Reijo alishuka kigodani,
akapiga magoti mbele ya kile kisanduku kama anayeungama,
akaniita nilete miwani yangu, si yake.
Uzi mmoja wa shaba, mwembamba kuliko ukope,
umetoroka wenzake, unagusa bati.

Nani alifunga hapa?
Mimi.
Miaka arobaini nilikataa kukufundisha, akasema,
kumbe nilikuwa na sababu.
Akacheka mpaka akashika sufuria asianguke,
nami nikacheka, kisha nikaukata ule uzi.

Maji yakaanza kuimba kwa ndani, bila moto wowote wa kuonekana.
Tarakimu nyekundu zikapanda: hamsini na nane, sitini na moja,
sitini na sita, zikatulia.
Tukamwaga kimea cha shayiri.
Gereji ikanuka uji, ikanuka jikoni kwa mama mkwe
alfajiri ya mkate, na mafuta ya mashine ya theluji chini yake.
Nikampa mwiko.
Kwa kukoroga, mtetemo si kosa.
Alikoroga kama mtu asiyeumwa chochote,
na dirisha lilijaa mvuke, hatukuuona mtaa.

Wiki nne baadaye tulifungua chupa.
Bia ina ukungu, haina povu la maana,
ladha yake mkate uliosahauliwa upande mmoja.
Reijo aliinywa kwa mikono miwili, nyingine ikamwagika shatini,
akasema pampu iko juu mno, ndiyo maana.

Amekwisha kuchora upya, nyuma ya mwezi wa Machi.
Mstari unapanda na kushuka kama wimbi la redio,
na kuna mshale mmoja usioelekea popote.
Sijamuuliza.
Nitaujua nikiufikia, bisibisi mkononi.