Siku ya Tisa, Jomvu Kuu

Mvua ilianza kabla ya adhana,
adhana ikapita ndani yake ikalowa,
ikatufikia nusu.
Dzombo akatoka kuitazama mashua,
akarudi na matope hadi magotini.
"Leo basi," akasema.

Siku nane tumepiga bildi,
mimi na kamba ya mafundo, yeye na usukani,
tangu chini ya daraja la Nyali tukazunguka Tudor,
tukaingia kila kijito kilichojificha nyuma ya mikandaa,
fundo kwa fundo, pima kwa pima,
ili ofisi ijue mchanga umeyala maji kiasi gani.
Bado Kombeni. Bado kule juu
ambako chumvi huishia na mto ukaitwa mto.

Mwanakombo Shee, mwenye nyumba, hakutuuliza kitu.
Alimtuma mwana alete mkeka wa pili
na sufuria ya kukingia tone la pembeni.
"Mvua hini si ya kupita," alisema,
"ni ya kukaa kitako."
Akarudi kuchambua mchele
kama mtu anayesoma barua ndefu.

Daftari nililianika karibu na jiko.
Kurasa zikavimba kama mahamri.
Pima mbili na robo za Mikindani
zilitiririka zikaingia pima nne za Kisauni;
wino haujui mipaka ya kata.

Tukasikiliza honi za malori ya Miritini,
foleni nzima ikilalamikia tope moja.
Tukacheza karata, hamsini na moja,
kwa kuwa saba ya kopa ilianguka majini siku ya tatu,
na kila zamu yake ilipofika
tulinyamaza kidogo, kama tunamtaja marehemu,
kisha tukacheka, kisha tukagawa tena.

Adhuhuri ikapita. Chai ya tangawizi ikapoa.
Dzombo, macho kwenye karata zake, akasema
kwa sauti ya mtu anayetaja bei ya petroli:
"Mimi sijui kuogelea."

Nilicheka.
Yeye hakucheka.
Miaka kumi na saba usukanini!
Ameniamuru mimi nikae katikati,
nisining'inize miguu, nisisimame mkondoni,
na koti la kujiokolea, lile la rangi ya chungwa,
amelitumia kukalia.

"Kwetu Ribe," akasema, "mto ulikuwa wa magotini.
Ukijaa, unajaa siku moja tu, ya mvua kama hii.
Mbuzi wa watu alichukuliwa na maji.
Kaka yangu Ngala alijua kuogelea."
Akapanga karata zake upya, ndogo kwa kubwa.
"Alijua. Ndiyo maana aliingia."

Mkono wa Mwanakombo ulisimama juu ya ungo.
Kisha nikasikia mchele tena, polepole.
Mwana akaenda kumwaga sufuria
ingawa haikuwa imejaa.
Nilitafuta la kusema.
Kamba yangu ina mafundo kumi na mawili tu.

"Zamu yako," akasema Dzombo.
Nikatupa pau, karata mbovu,
akaila bila kuniangalia.

Usiku vyura walichukua zamu ya mvua.
Kwa kurunzi, kwenye ukurasa uliokakamaa, nikaandika:
*Siku ya tisa. Mvua. Hatukupima.*
Nikangoja kama kuna zaidi.
Nikafunga.

Asubuhi maji yalikuwa na rangi ya chai ya maziwa,
yakipitisha vifuu, ndara moja ya kushoto,
na mche wa mkoko uliong'olewa, umesimama wima
kama abiria asiyetaka kukaa.
Dzombo akakumba maji ya mashua kwa jerikeni iliyokatwa,
akivuta pumzi kila ndoo ya tano.
Nilichukua lile koti, nikalikung'uta,
nikaliweka mbele ya miguu yake,
nikajitia kuhesabu mafundo.

Alilitazama.
Akalisogeza kwa kidole cha mguu,
akaliegemeza kwenye galoni ya mafuta, karibu,
mkono unapofika.

"Kombeni," akasema, na mashine ikashika.
"Kaa katikati."