Vijiko Kumi na Viwili

Jumanne ya kwanza tulikuwa watano mezani kwangu,
na Lorne wa sita, koti hajalivua,
theluji ya buti zake ikiyeyuka juu ya zulia
naye akiitazama kama kosa jipya.

Brandon, Manitoba, mwezi wa pili.
Nje baridi ya kung'oa meno.
Ndani chai, mkate wa tangawizi,
na mambo ambayo mtu aliyefungwa miaka kumi na mmoja
hajui kwamba hayajui:
basi halipokei tena sarafu,
simu ya kibanda pale pembeni imeng'olewa,
yamebaki matundu manne kwenye saruji.

Wendell, fundi bomba mstaafu,
akasema atampeleka kwa daktari wa meno.
Odile wa maktaba akatoa fomu ya kadi:
"Anwani?"
Kimya kikaingia, kikavuta kiti.
Asiyekuwepo na lake halipo,
hata namba ya mlango.
"Andika yangu," nikasema,
neno limenitoka kama kikohozi.

Sikuwa mwema. Kanisa liliniomba,
na aibu yangu ya kukataa
ni kubwa kuliko huruma yangu.
Walipoondoka nilifungua droo
nikahesabu vijiko.
Vya fedha, vya mama,
mipini imechorwa masuke ya ngano.
Kumi na viwili.

Usinicheke. Nyumba hii iliwahi kuvunjwa.
Si yeye; yeye wakati huo alikuwa ndani
kwa nyumba ya mwingine.
Lakini aliyeumwa na nyoka
ung'ongo humshtua,
nami mwaka wa tisa huu nalala taa ikiwaka.

Jumanne, nikahesabu. Jumanne, nikahesabu.
Machi ikaja, theluji ikageuka tope.
Akapata kazi ya kuosha vyombo, hospitali, zamu ya usiku.
Mshahara wa kwanza, alitusimulia,
alisimama robo saa mbele ya machungwa
akiligeuza moja moja,
kwa sababu hakuna aliyemwambia chukua hili.

Aprili: kumi na kimoja.
Nilihesabu mara tatu, nikaketi sakafuni.
Nilimpigia Wendell. "Ngoja," akasema,
akakata simu, mzee yule asiyejua kubembeleza.

Jumanne iliyofuata Lorne aliwahi, peke yake.
Akavitandaza vijiko juu ya kitambaa,
kimoja kimoja, pasipo kuambiwa.
"Kule tulihesabiwa mara nne kwa siku," akasema.
"Droo yako inalia. Huwa naisikia
nikiwa bado kwenye ngazi."

Sikuwa na la kusema, na sikulisema.

Akavua koti. Mara ya kwanza.
Tukapekua pipa la taka, tukafungua bomba la sinki,
tukasogeza jokofu na kukuta
sarafu, kizibo, panya aliyekauka.
Kijiko hakikuonekana.
Tulikunywa chai iliyopoa
na hakuna aliyeamini kitu.

Mwezi wa tano, ardhi ilipolainika,
nilikichimbua mwenyewe kwenye mboji
kati ya maganda ya viazi na majani ya chai.
Mkono wangu mwenyewe ulikitupa.
Mwiba wa kujidunga hauambiwi pole.

Nilikisugua hadi masuke yakaonekana,
nikampelekea chumbani kwake, Mtaa wa Nane,
kitanda, birika, dirisha la kuegesha machungwa.
"Chukua. Kiwe chako."
Akarudi nyuma hatua moja.
"Nikikutwa nacho?"

Kisha, taratibu, kama anayeomba maji:
"Niandikie karatasi."

Nikaandika. Tarehe, jina langu, jina lake,
kijiko kimoja cha fedha, nimempa kwa hiari.
Akaikunja mara nne,
akaiweka nyuma ya kadi ya maktaba.

Bado nahesabu. Mazoea yana taabu.
Lorne akishuka ngazi namsubiri afike barabarani,
ndipo nafungua droo, polepole, isilie.
Kumi na kimoja.
Naifunga.