Neno Refu Katika Barua ya Majengo

Bi Mwanasiti Mwinyikombo alikuja na barua
ameifunga pembeni mwa leso pamoja na hela ya samli,
akaiweka juu ya taipu yangu hata salamu bado.
"Hini nisomee. Mjukuu wangu kasoma hadi hapa, kakwama
kama mkokoteni kwenye ngazi."

Kidole chake, chenye hina ya arusi ya juzi,
kilikuwa juu ya neno moja
refu kuliko kichochoro cha kwao:
notwithstanding.

Mimi huketi Barabara ya Digo, karibu na posta,
mwaka wa kumi na tisa huu nawachapia watu
talaka, maombi ya kazi, hati za kiapo,
lawama kwa mwana aliyetulia Jidda.
Neno hili nalijua kwa sura.
Hupita na mawakili, limefunga tai,
wala halijawahi kunisalimu.

Nikafungua kamusi yangu isiyo jalada.
Licha ya, ikasema. Hata kama. Ijapokuwa.
Na chini, kwa herufi za sisimizi:
laweza kutangulia jina au kulifuata,
maana ni ile ile.
Nikamkumbuka anidaiye: aje mlango wa mbele,
aje wa uani, deni halipungui.

"Basi?"
"Basi, bibi, wasema hivi.
Nyumba yako ipo pale tangu mwaka wa hamsini na nane,
vyumba sita, bati jipya, choo cha ndani.
Wanajua. Wameandika wenyewe kwamba wanajua.
Kisha neno hili.
Kisha: ardhi ni yetu, uondoke kwa siku tisini."

Majengo ndivyo kulivyo. Nyumba yako, kiwanja cha mwingine,
kodi ya ardhi kila mwezi, risiti ndani ya mkebe wa biskuti.
Kuta zina mwenyewe,
kivuli cha kuta kina mwenyewe mwingine.

Akataka nimvunjie neno, aone lina nini ndani.
Nikaanza: not...
"Noti naijua," akadakia. "Kumbe huanza na noti."
Not, si. With, pamoja na. Standing, kusimama.
Akanyamaza kidogo.
"Kwa hivyo nyumba imesimama,
ila wao hawako pamoja na kusimama kwake."

Kamusi ilikuwa wazi mapajani mwangu
na sikumsahihisha.

Sisi, jambo likitupinga, twasema: pamoja na hayo.
Twalikaribisha kwanza, twalimiminia kahawa,
ndipo twaendelea na tulilokusudia.
Wao hulitoa nje kisha ndio wanene.
Au labda siyo. Mimi ni mchapaji,
na Kiingereza changu ni cha kulipwa kwa ukurasa.

"Nijibie," akasema. "Nawe litie neno lao hilo.
Litie mwanzo, walione wakifungua bahasha."
Nikapachika karatasi mbili, kaboni katikati.
Notwithstanding barua yenu ya tarehe tisa...
Taipu yangu herufi ya t huiruka juu ya mstari,
na neno lile lina t tatu,
likatoka likichechemea
kama mtu aliyevaa kiatu kimoja.
Bi Mwanasiti akalitazama sana.
"Liache hivyo hivyo," akasema.

Bei yangu ni mia na hamsini. Alinipa mia
na mahamri mawili yangali na joto.

Nakala ya kaboni iko kwenye droo yangu.
Leo ni siku ya sitini na moja, na jibu hakuna.
Asubuhi nimezunguka Majengo makusudi, nikijifanya natafuta fundi.
Alikuwa juu ya kigoda na ndoo ya chokaa,
leso kaifunga kiunoni.
Ukuta wa mbele kashaumaliza.
Wa nyuma bado.