Hodi ya Saa Tisa Usiku

Saa tisa usiku, Võru imelala chini ya theluji.
Kwenye kituo cha maji skrini inafifia ghafla,
kila kilicho nyuma kinakuwa kijivu,
kinabaki kidirisha kimoja katikati:
Je, unairuhusu programu hii ibadilishe mipangilio ya mfumo?

Hodi.
Nami nina chai mkononi, mkate mweusi kinywani.

Kaur, kijana wa zamu, ana miaka ishirini na mitatu
na haraka ya mtu ambaye hajawahi kuvunja kitu.
"Ipe haki zote, Urve, za kudumu,
isitusumbue tena. Inataka kurekebisha saa tu."

Saa tu.
Nashuka kwa kidole, mstari kwa mstari:
saa, kweli. Halafu mlango wa mtandao, namba nisiyoijua.
Halafu chini kabisa, kwa herufi za kujificha,
kiwango cha klorini.
Mgeni aliyebisha akiomba kaa la moto
mbona anauliza chumba cha kulala kiko wapi?

Mwaka ule wa baridi kali niliwahi kubonyeza Ndiyo
huku naongea na simu, dada yangu akiniagiza sukari.
Pampu ya tatu ikasahau kazi yake.
Heino Lepasaar alitembea kilomita mbili gizani,
akafungua vali kwa mkono,
spana imegandamana na glavu,
na asubuhi mji ukaoga bila habari.
Hakuniuliza. Aliandika daftarini: hitilafu.
Neno moja, nami nimo ndani yake hadi leo.

Heino hayupo. Nywila aliniachia
kwenye kopo la kahawa, chini ya misumari:
herufi kumi na sita, na katikati yake
jina la mbwa aliyekufa.

Naiandika. Naruhusu saa.
Mengine, Hapana. Hapana.
Kidirisha kinajifunga bila kinyongo, rangi zinarudi.
Kaur anapiga miayo: "Kesho itabisha tena."
Na ibishe. Kubisha ndiyo adabu yake yote.

Kisha natoka kwenye jina lile kubwa, Msimamizi,
kama mtu avuaye buti za marehemu,
nakuwa tena U. Kallaste, mtumiaji wa kawaida,
asiyeweza kubadilisha hata picha ya skrini.
Nasuuza kikombe.
Maji yanakuja, baridi ya kuuma meno,
hayaniulizi chochote.